Kushoto Kweupe

Jumatatu, 4 Agosti

Nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mke wangu, Mungu amlaze pema. Nimemzika daktari aliyeniambia sigara itaniua — na yeye hakuvuta hata siku moja! Malori matatu yamefia mikononi mwangu, nikashuka, nikajikung'uta vumbi. Idara ya maji niliyoifanyia kazi imekufa nayo, pale ilipokuwa sasa wanauza makochi. Nimemzika na utingo wangu, tuliyemwita Kweupe. Mimi bado nipo. Na meno yangu, karibu yote.

Nilikuwa dereva wa boza, lile lori la tangi linalogawa maji mitaani. Dereva bora. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Kweupe alikaa kushoto kwangu, kichwa nje ya dirisha. Tukifika njia panda namuuliza: kushoto kweupe? Kama barabara ni tupu anapaza sauti: Kweupe! Kama kuna vumbi, au ukungu, au mti umeziba, anasema: Sioni. Basi tunasimama mpaka aone. Hakuona haya kusema sioni. Ndiyo maana hatukugonga hata kuku.

Daftari hili amenipa mjukuu wangu, niandike mambo yangu. Anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi humwita mke wangu, yeye huniita mume wangu, tangu ana meno mawili. Sasa mke wangu anaolewa na mwanamume mwingine, na wa kumpeleka kwa gari ni mimi. Aliomba mwenyewe, mbele ya watu. Gari ni hili langu la kijivu, hataki jingine. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo la tatu nililijua vizuri, kwa hiyo nitaandika.

Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi. Kalamu za siku hizi hazina wino. Zinatoa kijivu.

Leo nimeosha gari. Limekauka — balaa! Vioo vyote madoa meupe, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Najua ni nini. Ni kisima cha mkwe. Tangu achimbe kisima hapa nyumbani anajiona waziri. Maji yenyewe magumu, sabuni haitoi povu, birika limeota ukoko mweupe ndani. Nilimwambia. Akasema, Mzee, maji ni maji. Kumwambia hivyo mtu aliyebeba maji maisha yake yote!

Jumanne, 5 Agosti

Nimesugua kwa sabuni. Hayatoki. Nimesugua kwa sabuni na hasira. Hayatoki.

Doa la maji magumu si uchafu, ni jiwe. Maji yamekwenda zake, chokaa imebaki imekaa. Ukipitisha ukucha unasikia mkwaruzo. Hii elimu hakunipa mtu, nimeitoa kwenye tangi.

Nimechukua chupa ya siki jikoni nikaimwaga juu ya vioo vyote. Jua lilikuwa kali, siki ikakauka kabla sijageuka. Madoa yamekuwa mengi zaidi. Gari linanuka saladi.

Mkwe kapita na mkoba wake. Mzee, si ulipeleke kwa waosha magari tu? Nikamwambia waosha magari wanatumia maji ya visima. Akaenda kazini.

Binti yangu kauliza siki yake iko wapi. Nikasema imo garini.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Leo nimefanya kwa akili. Gari nimeliweka kivulini ukutani. Kitambaa nimekilowesha siki iliyochanganywa na maji ya mvua — nina pipa langu la mvua, halikutani na kisima cha mtu. Nimekibandika kwenye kioo kama mtu anavyomkanda mgonjwa wa homa. Nikaenda kunywa chai. Narudi, nasugua kwa duara, nasuuza kwa mvua, nakausha hapohapo kabla tone halijapata wazo la kukauka lenyewe. Vioo vya mlango wangu na wa nyuma yake — safi! Ukucha unateleza. Siki haitakiwi kugusa rangi ya gari. Hilo pia najua.

Lakini siandiki kwa sababu ya siki. Naandika kwa sababu nimesikia neno.

Nilikuwa chini ya dirisha la jikoni, nasuuza kitambaa. Binti alikuwa ndani anaongea na simu, na birika lilikuwa linapiga filimbi. Nimemsikia: Ndiyo, Baba. Baba ana mtoto wa — birika likalia. Likanyamaza. Nikasikia: Hapana, hajui kama tunajua. Amekuwa akificha. Birika tena! Halafu: Wa kushoto ndiye mkubwa, naona ameshakomaa. Wa kulia bado mchanga. Halafu, maneno haya nayaandika kama alivyoyasema: Bora atolewe mapema.

Nimekaa juu ya ndoo.

Mtoto! Tena wawili!

Jirani wa kushoto ni mjane, fundi cherehani. Mwanamke wa heshima, ananisalimia, namsalimia, basi. Jirani wa kulia ni muuguzi mstaafu, mwenye mbwa. Huyo hata kumsalimia vizuri sijawahi, kwa ajili ya mbwa. Na huyu mwanangu wa kumzaa anasimama jikoni kwangu — haya, kwake — anamwambia mtu kwenye simu kwamba nimezaa kushoto na kulia!

Na umri wangu huu. Mtu mwingine angeona sifa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikuosha gari.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi fundi cherehani kanisalimia juu ya ua. Nimeitikia nikiangalia bati. Kauliza kama naumwa. Nikasema siumwi, na kwamba mimi ni mtu wa nyumbani kwangu. Akasema sawa, baba. Kanitazama sana.

Nimemaliza vya upande wa pili na kioo cha nyuma. Kile kilikuwa na madoa sugu, siki peke yake haikutosha. Nimekanda magadi na maji kidogo mpaka yakawa uji mzito, nikapaka, nikasugua taratibu. Palipobaki nikaweka dawa ya meno ya mkwe. Imefanya kazi nzuri. Mkwe hajasema kitu, ila amepiga mswaki kwa chumvi.

Kimebaki kioo cha mbele. Hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Jua likinijia usoni kinapasuka cheupe chote, sioni hata pua ya gari. Taa za magari zinaota nywele. Si kawaida ya chokaa kufanya hivi, lakini hii ni chokaa ya kisima cha mkwe.

Mjukuu amekuja kujaribu shela, lile la kufunika kichwa na kuburuza nyuma. Kajizungusha mbele yangu. Mume wangu, nimependeza? Nikasema umependeza, lakini huyo kijana mwenye masikio hakufai. Akasema, Babu, ulisema hivyohivyo hata kabla hujamwona masikio.

Sikumwambia habari ya watoto. Itamharibia harusi.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimeitisha kikao. Mezani, wakati wa kula. Binti, mkwe, mjukuu. Nimesimama, kwa sababu jambo kama hili halisemwi umekaa.

Nikasema: Nimesikia yanayosemwa juu yangu katika nyumba hii. Nasema mara moja na sirudii. Tangu mama yenu afariki, na hata alipokuwa hai, mimi sina mtoto wa nje. Sina wa kushoto, sina wa kulia. Aliyekomaa si wangu na mchanga si wangu. Na habari ya kumtoa mtoto, katika ukoo wetu haijapata kusemwa!

Mkwe kashika kijiko hewani.

Mjukuu ndiye aliyeanza. Kacheka mpaka kateleza kwenye kiti, akabaki chini ya meza, tukawa tunasikia sauti tu. Kisha mkwe. Mkwe hacheki, sijawahi kumwona, lakini leo meno yote nje! Binti peke yake hakucheka, au alicheka halafu ikageuka. Kajifuta kwa kitambaa cha meza. Akasema: Baba. Mtoto wa jicho. Nilisema una mtoto wa jicho.

Nikakaa.

Kaeleza taratibu, kama vile mimi ni mgeni wa lugha. Kwamba mboni zangu zimeingia weupe. Kwamba alikuwa anaongea na hospitali ya macho, na jicho la kushoto ndilo limezidi. Wanaweza kumtoa. Kwamba mpaka atolewe, Baba, tunaomba usiendeshe. Na kwamba Jumamosi, mkwe angemwendesha bibi harusi.

Hapo ndipo nilipoelewa kikao kilikuwa chao, mimi niliwaitishia tu.

Nikasema: jicho langu halizai. Naona kila kitu. Tatizo ni kioo, na tatizo la kioo ni kisima, na mwenye kisima amekaa pale anakula mkate. Nikasema pia: atakayegusa ufunguo wa gari langu, asinizike.

Neno kubwa hilo. Limetoka limeshatoka. Mjukuu aliacha kucheka.

Wa kulia na wa kushoto. Kesho nimsalimie yule fundi cherehani vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemsalimia. Karudisha salamu kwa tahadhari.

Leo ni siku ya kioo cha mbele. Nimeanza umande haujakauka. Siki ya kubandika. Magadi. Dawa ya meno (nimenunua yangu). Mkwe kaniletea chupa ya dawa ya vioo, ya buluu, kaiweka juu ya boneti kisha akasimama. Nimeitumia. Si kwamba nimesamehe. Mwisho gazeti kavu, mpaka kioo kikalia kama ndege.

Bado ukungu.

Nikasema basi uko ndani. Nikaingia ndani, nikasugua ndani, shingo imepinda kama ndoano. Bado.

Nimemwita mkwe: angalia, hapa, hapa na hapa. Akasema, Mzee, hapo safi. Nimemwita binti: safi, Baba. Hao wameambizana. Nikamwita fundi cherehani, ambaye hana faida wala hasara. Kaja na sindano zake kifuani, kainama, kachungulia. Akasema, baba, hiki kioo mimi ningevalia nguo mbele yake. Nikamuuliza na weupe huu je? Akauliza upi?

Mkwe kapitisha ukucha, juu mpaka chini. Haukukwaruza. Nikapitisha wangu. Umeteleza.

Nimewaambia kucha zangu zimezeeka.

Jumatano, 13 Agosti

Nilitaka kulisogeza gari kivulini. Kurudi nyuma tu, uani, kazi ambayo naifanya hata nikiwa usingizini. Kioo cha pembeni nimekitazama. Weupe, shuka limeanikwa, weupe. Nikarudi nyuma.

Kishindo cha kofi kwenye buti. Babu!

Nikakanyaga breki. Nikashuka. Lile shuka lilikuwa mjukuu. Alikuwa ameniletea chai, amevaa gauni jeupe la kujaribu, halijashonwa pindo. Kikombe kimevunjika. Chai imemrukia kwenye gauni. Buti la gari lilikuwa limemgusa goti.

Akacheka. Babu wewe! Unataka kuniua ili nisiolewe? Wivu huo! Akadhani namtania. Nami nikacheka. Nikasema ndiyo, afadhali ufe mke wangu kuliko uende kwa yule mwenye masikio. Mama yake kapiga kelele juu ya doa la chai, wakakimbilia ndani. Doa la chai hutoka kwa siki pia. Sikuwaambia.

Nimeokota vipande vya kikombe. Vingine nimevikuta kwa kupapasa.

Hata kuku hatukugonga. Hata kuku.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekaa kwenye usukani, gari limezimwa. Nikatazama barabara kupitia kioo cha mlango wangu. Ukungu. Madoa.

Nikashusha kioo mpaka chini.

Madoa yamebaki.

Hewa tupu, hakuna kioo, na madoa yamekaa palepale, barabarani, juu ya ua la jirani, juu ya mbwa. Nimepandisha kioo. Nimeshusha. Nimefumba jicho la kushoto, dunia ikarudi kidogo, imechoka lakini ipo. Nimefumba la kulia. Maziwa. Maziwa yenye vivuli ndani yake.

Nikapandisha kioo vizuri, nikafunga mlango.

Mkwe kapita. Kauliza, vipi, Mzee, kioo? Nikamwambia kioo kimetakata.

Mara ya kwanza wiki hii namwambia kweli, na hakuijua.

Ijumaa, 15 Agosti

Nyumba imejaa shangazi. Kila kiti kina nguo ya mtu.

Nimeosha gari lote kwa maji ya mvua mpaka pipa likaonyesha chini. Nimelikausha lote. Linawaka. Nadhani linawaka. Wanasema linawaka.

Binti alikuwa anapiga pasi peke yake. Nikakaa karibu. Nikamuuliza: huyo mtoto, wakimtoa, wanampeleka wapi?

Pasi ikasimama. Akasema, Baba?

Nikasema kuna rafiki yangu anaulizia.

Akasema, rafiki zako wote wamekufa, Baba.

Nikasema ndiyo maana naulizia mimi.

Alinitazama mpaka nguo ikaanza kunuka. Kaiondoa pasi. Akasema hawampeleki popote, wanamtoa tu, wanaweka kioo kipya kidogo ndani ya jicho, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Siku ya kwenda ni Jumanne, ameshaandikisha jina langu, hakuniambia kwa kuogopa. Nikasema mwambie daktari, rafiki yangu hajakubali. Akasema sawa, Baba, nitamwambia.

Kisha akasema pole pole: na kesho?

Nikasema kesho ni kesho. Nikaondoka. Nilikwishasema mbele ya watu. Asinizike, nilisema. Mtu hawezi kusema asinizike Jumapili halafu Ijumaa akatoa ufunguo kama peremende.

Na yeye aliniomba mimi. Hakumwomba baba yake.

Kioo kipya ndani ya jicho! Wangetumia maji gani kukisafisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi. Nimevaa suti. Tai nimefungiwa na mkwe, kidevu juu kama mbuzi, na yeye ananipumulia usoni. Akasema chini chini: Mzee, nakuomba kama mwanao. Ufunguo. Sitamwambia mtu, nitasema umechoka. Nikasema mimi sichoki. Akamaliza kufunga tai. Ameifunga vizuri.

Bibi harusi katoka. Shangazi wote vigelegele. Mimi nimemwona mwanga tu, mwanga mrefu unatembea, nikajua ni yeye kwa jinsi anavyoburuza mguu. Nimemfungulia mlango wa nyuma. Katazama kioo cha mlango, kajirekebisha shela humo, kapaka rangi ya mdomo humo! Kwa kioo changu! Hakuna kioo chenye doa mwanamke atapakia rangi humo siku ya harusi yake. Hilo niliandike.

Mkwe kasimama mbele ya gari. Binti kashika mkono wa mkwe. Bibi harusi kateremsha kioo, akasema: Baba, tangulieni. Mimi nakuja na mume wangu.

Wakatangulia. Walitangulia wanageuka geuka nyuma kama watu walioacha jiko linawaka.

Nimewasha gari. Nimetoka getini. Geti nalijua kwa tumbo. Nimekwenda mpaka baada ya kona, pale ukuta mrefu unapoanza, ambapo mtu wa nyumbani hawezi kutuona. Nikasimama. Nikazima.

Akasema, Babu?

Nikasema, mke wangu, mguu unaniuma.

Mguu gani?

Wa kushoto.

Nilimsikia akinitazama. Nimemfundisha kuendesha mimi, kwenye gari hilihili, uwanja wa nyuma ya shule, alikuwa analia na gia. Hakusema kitu juu ya macho. Hakusema pole. Kavua viatu, kafungua mlango, kakusanya gauni lote kwapani kama mtu anayevuka tope, kaja mbele. Akasema, haya, shuka, mume wangu, sogea huko. Sijaolewa bado, nakuamuru.

Nimehamia kiti cha kushoto. Kiti cha Kweupe. Maisha yangu yote sijakaa kiti hicho.

Tuko njiani. Naandika humu ndani. Anaendesha miguu mitupu, shela amelifunga fundo nyuma ya shingo kama mpishi. Viatu vyake nimevipakata mimi, daftari nimeliweka juu ya viatu. Herufi zinaruka, si kosa langu, ni barabara. Magari yamesongamana, tunakwenda kidogo tunasimama. Watu wa kwenye basi wanachungulia: bibi harusi dereva! Mmoja kamuuliza, dada, bwana umemwacha wapi? Akajibu, huyu hapa, nimempakia. Basi zima likacheka. Nimewapungia mkono.

Nikamwambia: tukifika tusimame kabla ya geti, nikae kwenye usukani, tuingie. Akasema tutaona, Babu. Hakusema ndiyo. Mama yake alikuwa hivyohivyo.

Tumefika njia panda kubwa. Taa hazifanyi kazi. Upande wangu, pale kwenye kona, lori la mchanga limeegeshwa. Aliye kwenye usukani haoni kitu kushoto, wa kuona ni aliyekaa hapa, akishusha kioo akatoa kichwa. Nimekishusha. Nimetoa kichwa. Upepo ninao. Sauti za magari ninazo, lakini zinatoka kila mahali.

Kauliza, kama nilivyomfundisha: Babu, kushoto kweupe?

Kweupe. Kweupe sana. Sijawahi kuona kweupe namna hii.

Sijui anauliza kwa mazoea au ananitega. Nyuma wanapiga honi. Kaweka mguu mtupu kwenye breki na hautoi. Anangoja neno langu, na nimemfundisha mwenyewe asiingie barabarani kabla ya kulisikia. Yule utingo wangu alikuwa na neno jingine, la siku za vumbi na ukungu, fupi kuliko hilo. Alilisema mchana kweupe mbele ya kila mtu na hakupungukiwa kitu.

Kauliza tena. Amenigusa goti.

Ngoja nimalize mstari.

Vioo vilikuwa safi, vyote. Atakayebisha amuulize bibi harusi, alijipodoa humo. Na atakayetaka kujua nilimjibu nini, amuulize huyohuyo. Ndiye aliyekuwa kwenye usukani.